Wapapa, acheni kumuita kipa mchekeshaji

Nyinyi mnaolala chini ya hema: leo sitaongea juu ya barabara iliyofungwa wala juu ya bei ya unga. Leo naongea juu ya mpira, na naongea kwa hasira.

Siku ya Mungu iliyopita vijana wa kambi ya wahami walicheza na vijana wa mtaa jirani. Langoni mwa wahami alisimama mtoto wa miaka kama 14. Glavu hakuwa nazo, alivaa soksi mikononi. Mechi ilikuwa changa bado wakati mpira ulimpita katikati ya miguu. Hapo watu wazima waliokaa juu ya mawe kando ya uwanja wakaanza kucheka na kupiga makelele: "Zaire 74! Zaire 74! Toeni huyo mchekeshaji!" Kiongozi wa ekipi akamtoa kweli. Mtoto akaenda kukaa nyuma ya hema la mama yake, na mechi ilipoisha hakuja kusalimia wenzake.

Najua hakuna aliyetaka kumuumiza. Lakini nilirudi nyumbani na yale maneno mawili, "mchekeshaji" na "Zaire 74", yakinizunguka kichwani. Neno la kwanza lilitupiwa zamani kipa mmoja wa Poland, kwenye televisheni ya Uingereza, na aliyelitupa ndiye aliyebaki na aibu. Jina la pili ni la baba zetu. Kwa kipa huyo na kwa baba zetu ni mwaka mmoja, kombe moja, na hata kuna ekipi mbili zilizokutana na wote wawili. Wapapa wa juu ya mawe, naomba mnisikilize mpaka mwisho.

Kipa yule anaitwa Jan Tomaszewski. Alizaliwa tarehe 9 Januari 1948 katika mji wa Wrocław. Muujue mji huo. Mpaka mwaka 1945 ulikuwa mji wa Ujerumani. Vita ilipoisha wakubwa wa dunia wakasogeza mipaka, Wajerumani wakafukuzwa humo, na Wapolandi wengi waliotolewa kwenye nchi zao za mashariki wakaletwa kuishi katika nyumba za wale waliofukuzwa. Kwa hiyo Tomaszewski alikulia katika mji uliojaa watu waliofika na mizigo kichwani. Alicheza pale Wrocław, akapita Legia ya Warsaw, na mwaka 1972 akaenda ŁKS, ekipi ya mji wa Łódź.

Mechi yake ya kwanza ya taifa ilikuwa Oktoba 1971, mjini Warsaw, dhidi ya Ujerumani ya Magharibi, ile ya Gerd Müller. Poland walifungwa 3-1. Kipa mpya, mechi ya kwanza, magoli matatu, nyumbani, mbele ya watu wake. Wapapa, kama mngekuwa nyinyi mmekaa pale, mngepiga makelele gani? Kama kiongozi wa ekipi yetu ya siku ya Mungu ndiye angekuwa kocha, Tomaszewski angerudi kwenye klabu yake na habari yake ingeishia hapo. Lakini kocha wa Poland alikuwa Kazimierz Górski, na Górski hakumtupa. Alimrudisha, na mwaka 1973 akampa lango katika mechi za kutafuta tiketi ya Kombe la Dunia.

Kundi lilikuwa na ekipi tatu: Uingereza, Wales na Poland. Poland waliwapiga Waingereza 2-0 pale Chorzów mwezi wa sita. Ikabaki mechi ya mwisho, tarehe 17 Oktoba 1973, uwanja wa Wembley, London. Waingereza walihitaji ushindi, Poland walihitaji sare tu. Uingereza walikuwa mabingwa wa dunia wa 1966, na kocha wao alikuwa yule yule wa 1966, Alf Ramsey. Watu wengi kule waliona kazi imekwisha kabla ya filimbi.

Kati yao alikuwa Brian Clough, kocha mwenye mdomo mkali, bingwa wa Uingereza mwaka 1972 na ekipi ya Derby County. Wiki ile ile alikuwa ameacha kazi Derby, na usiku huo televisheni ilimweka studio atoe maoni. Clough akamuita Tomaszewski mchekeshaji, yaani mtu wa kuvaa pua nyekundu na kuchekesha watoto. Mamilioni wakasikia.

Kilichofuata uwanjani wazee wa mpira wanakisimulia mpaka leo. Waingereza walipiga kona zaidi ya 20, Poland hazikufika hata tano. Mapema tu mshambuliaji Allan Clarke alimgonga kipa, akamuumiza mkono, na yeye akaendelea kucheza na maumivu. Alizuia kwa mikono, kwa magoti, kwa miguu, kwa kifua. Mara nyingine alitoka vibaya, akakosa mpira, beki akauondoa kwenye mstari. Haikuwa kazi nzuri ya kutazama. Ilikuwa kazi tu. Kipindi cha pili Wapolandi wakapora mpira karibu na mstari wa kati, Grzegorz Lato akakimbia nao, akamsogezea Jan Domarski, na Domarski akapiga shuti lililopita chini ya mwili wa kipa wa Uingereza, Peter Shilton. Dakika chache baadaye Clarke akasawazisha kwa penalti. Mechi ikaisha 1-1. Poland wakaenda Kombe la Dunia, Uingereza wakabaki nyumbani, na mwaka uliofuata Ramsey akaondolewa kazini.

Sasa simameni kidogo kwa Shilton. Usiku ule Tomaszewski hakufanya kosa kubwa kuliko lake. Shuti lilipita chini ya mwili wake, nchi ikakosa Kombe la Dunia. Waingereza walimfanya nini? Walimpa lango tena, na tena. Alimaliza na mechi 125 za taifa, na Kombe la Dunia la 1990 alikuwa bado langoni. Hakuna anayemkumbuka Shilton kama mchekeshaji. Yeye aliruhusiwa kuwa na siku mbaya.

Najua mtu atasema: ile ya Wembley ilikuwa bahati. Maneno hayo nimeyasikia hata mimi, katika nyumba za kutazamia mpira. Kipa kapigiwa mashuti yote yale, mengine yalimgonga tu, siku nyingine angefungwa matano. Haya, tuseme ilikuwa bahati. Twende basi Ujerumani ya Magharibi, mwezi wa sita 1974, tuone kama bahati inaweza kudumu mechi saba.

Poland waliwapiga Argentina 3-2, Haiti 7-0, Italia 2-1. Raundi ya pili wakakutana na Uswidi. Poland wakiwa mbele 1-0, Uswidi wakapewa penalti. Staffan Tapper akapiga, Tomaszewski akaokoa. Wakakutana na Yugoslavia, wakashinda 2-1. Halafu wenyeji, Frankfurt, tarehe 3 Julai, uwanja umejaa maji ya mvua mpaka mpira hautembei. Uli Hoeness akapiga penalti, Tomaszewski akaokoa tena. Siku hiyo walifungwa 1-0, goli la Gerd Müller, na Wajerumani wakaenda kuwa mabingwa. Poland wakamaliza kwa kuwapiga Brazil 1-0 na kuchukua nafasi ya tatu duniani. Kabla yake hakuna kipa aliyeokoa penalti mbili ndani ya mechi za Kombe la Dunia moja. Baadaye Brad Friedel wa Marekani alifanya hivyo mwaka 2002, na mwaka 2022 Wojciech Szczęsny, Mpolandi mwingine, aliokoa ya Saudi Arabia na ya Messi. Njia hiyo ilifunguliwa na "mchekeshaji".

Sikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo baba zetu wanaingia. Wale Yugoslavia waliopigwa na Poland 2-1 ndio wale waliotupiga sisi 9-0.

Leopards walienda kule kama mabingwa wa Afrika. Mwezi wa tatu mwaka ule ule walichukua kombe Misri, na Ndaye Mulamba alifunga magoli 9. Walikuwa ekipi ya kwanza ya watu weusi wa Afrika kucheza Kombe la Dunia. Langoni alikuwa Kazadi Mwamba, kipa wa TP Englebert ya Lubumbashi, ile tunayoiita leo TP Mazembe, mtu aliyekuwa bingwa wa Afrika tangu 1968. Mechi ya kwanza, na Scotland, walifungwa 2-0. Aibu iko wapi hapo? Halafu wachezaji wakaelewa kwamba pesa walizoahidiwa hazitafika mikononi mwao. Hayo wameyasema wenyewe miaka mingi baadaye. Waliingia kucheza na Yugoslavia mioyo ikiwa imevunjika.

Dakika 18, magoli matatu. Dakika 21 Kazadi akatolewa, akaingia Tubilandu Dimbi. Goli la nne likaingia karibu mara hiyo hiyo. Ndaye akapewa kadi nyekundu kwa kosa la mwenzake, tukabaki kumi. Mwisho 9-0.

Wapapa, hesabuni pamoja nami. Kazadi ametoka, na baada yake yameingia sita. Kama shimo lilikuwa langoni, mbona kulifunga lango kwa mtu mwingine hakukusaidia kitu? Shimo lilikuwa mahali pengine. Lilikuwa kwenye mifuko ya wakubwa, lilikuwa kwenye vichwa vya vijana waliodanganywa mbali na nyumbani. Lakini wakubwa hawasimami kwenye mstari wa goli kupigwa picha. Anayepigwa picha akiokota mpira kwenye nyavu ni kipa.

Mechi ya tatu Kazadi alirudishwa langoni, na Brazil wakafunga tatu. Siku hiyo Mwepu Ilunga alitoka kwenye ukuta akapiga mpira wa faulo mbali kabla Brazil hawajaupiga wao. Dunia ikaanguka kwa kucheka, na bado inacheka: picha ile inaonyeshwa kila Kombe la Dunia, kama ushahidi kwamba Mwafrika hajui sheria za mpira. Mwepu alieleza mwenyewe baadaye kwamba watu wa Mobutu waliwaambia wakifungwa manne na Brazil hawatarudi nyumbani. Mtu anayeogopa kutoona tena familia yake, sisi tunamuita mchekeshaji. Na ajabu ni kwamba hatuhitaji tena Waingereza wa kutucheka. Tunajicheka wenyewe, siku ya Mungu, kando ya uwanja wa wahami, tukimcheka mtoto aliyevaa soksi mikononi.

Mtu mwingine atanijibu: mwandishi, unalinganisha vitu visivyolingana. Poland ilikuwa ekipi kubwa, ilikuwa na dhahabu ya Olimpiki ya 1972, ilikuwa na Lato aliyefunga magoli 7 katika lile kombe, na Deyna, na maandalizi ya miaka. Ndiyo, papa wangu, na hilo ndilo ninalosema. Kipa hasimami peke yake. Mbele yake kuna watu kumi, nyuma yake kuna nchi. Ukimsifu Tomaszewski, msifu na Górski aliyemvumilia. Ukimlaumu Kazadi, walaumu na waliokula pesa zake. Lakini kumsifu mtu pamoja na nchi yake na kumlaumu mwingine peke yake, hiyo si hukumu, ni dharau.

Na kama bado hamjasadiki, nawapa siku moja ambayo haisimuliwi sana. Mwaka 1976, Montreal, fainali ya Olimpiki, Poland na Ujerumani ya Mashariki. Robo saa haijaisha Tomaszewski kafungwa mawili. Hata nusu saa haikufika akatolewa, akaingia Piotr Mowlik. Ni kitu kile kile kilichompata Kazadi, karibu kwa dakika zile zile. Poland wakapoteza 3-1 na kurudi na medali ya fedha. Je, Wapolandi waliwafundisha watoto wao kupiga makelele "Montreal 76"? Hapana. Miaka miwili baadaye, tarehe 1 Juni 1978, Kombe la Dunia lilipofunguliwa Buenos Aires, aliyesimama langoni mwa Poland dhidi ya Ujerumani ya Magharibi alikuwa Jan Tomaszewski, na mechi iliisha 0-0. Mwaka huo akaruhusiwa kwenda kucheza nje, Beerschot ya Antwerp, mji ambao wazee wetu wanaujua kwa meli zilizokuwa zikitoka kule mpaka Matadi. Baadaye akacheza Uhispania katika ekipi ya Hércules, kisha akarudi Łódź kumaliza. Mechi 63 za taifa. Hizo zote zilianza na ile 3-1 ya mwaka 1971.

Sitawaficha upande mwingine wa mtu huyu, maana sitaki mniambie natengeneza mtakatifu. Alipozeeka mdomo wake ulikuwa mkali kama wa Clough. Mwaka 2011 alichaguliwa kuwa mbunge, na Poland ilipokaribisha kombe la Ulaya mwaka 2012 alipinga mbele ya watu wote kuitwa kwa wachezaji waliozaliwa au kukulia nje ya nchi. Aliona ekipi ile si ya Wapolandi kweli. Hebu fikirini. Mtoto wa Wrocław, mji uliojaa watu walioletwa kutoka mbali, anawanyooshea wengine kidole kwamba si wa hapa. Hilo nalikataa, na nyinyi wahami mnajua kuliko mimi juu ya nini nalikataa. Mmeshaambiwa "si wa hapa" kwenye kisima, kwenye soko, kwenye mlango wa shule. Kutukanwa hakumfundishi mtu moja kwa moja kutotukana. Aliyeumizwa na neno anaweza kulichukua na kuwapiga nalo wengine, kama vile sisi tulivyolichukua "Zaire 74" na kumpiga nalo mtoto wetu wenyewe.

Kwa hiyo nina maombi matatu, na nayasema bila kuzunguka.

La kwanza ni kwa wapapa wa juu ya mawe. Siku ya Mungu inayokuja, mpira ukimpita mtoto, nyamazeni, ama mwiteni kwa jina lake mumwambie asimame vizuri. Kama lazima mtaje 74, basi mtajieni yote: ubingwa wa Afrika, magoli 9 ya Ndaye, pesa zilizopotea, na magoli sita yaliyoingia wakati Kazadi amekaa benchi.

La pili ni kwa kiongozi wa ekipi. Wewe ni kijana, nakuheshimu, unafanya kazi hiyo bila mshahara. Lakini ulimtoa mtoto kwa sababu ya makelele, si kwa sababu ya mchezo. Baada yake mlifungwa mengine mawili, nilihesabu. Mrudishe langoni na umwache mpaka filimbi ya mwisho, hata akifungwa matano. Halafu umpe mechi nyingine. Górski alifanya hivyo, na nchi yake ikawa ya tatu duniani.

La tatu ni kwa mwenye glavu za zamani, hata zilizotoboka, hata za mkono mmoja. Ziletwe kwa mama anayeuza makala kwenye kiingilio cha kambi, amekubali kuzipokea. Soksi zinateleza mvua ikinyesha, na msimu wa mvua umeshafika.

Na kwako wewe kijana uliyekaa nyuma ya hema: mpira ulipita katikati ya miguu yako, ni kweli, niliona. Uliupita mwili wa Shilton pia, na alirudi mara nyingi sana. Jioni ya alhamisi wenzako wana mazoezi. Uende.